Kuandikwa katika Orodha Si Kuhifadhiwa

Wengi wetu hudhani kwamba mahali pakishaingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO basi pamesalimika. Mifano mitatu ya Oman na Unguja, nchi mbili zilizofungamana katika historia yetu, inaonyesha kuwa sivyo.

Wa kwanza ni ngome ya Bahla, iliyojengwa kwa matofali ya udongo. Iliorodheshwa mwaka 1987, na mwaka uliofuata ikatangazwa kuwa hatarini, kwani kuta zake zilimong'onyoka kila msimu wa mvua. Ilichukua miaka ya matengenezo, kwa kufuata ujenzi wa udongo wa asili, hata mwaka 2004 ikatolewa katika hatari hiyo.

Wa pili ni choroa wa Arabia. Mnyama huyu alitoweka porini mwaka 1972, akarejeshwa Jiddat al-Harasis mwaka 1982, na kufikia 1996 walikuwa 450. Hifadhi yao iliorodheshwa 1994. Kisha ukaja ujangili, na eneo likapunguzwa kwa asilimia 90 baada ya kugunduliwa mafuta. Mwaka 2007 walibaki 65 tu, na hifadhi hiyo ikawa ya kwanza duniani kufutwa katika Orodha.

Wa tatu unatugusa zaidi. Beit al-Ajaib, iliyojengwa na Seyyid Barghash bin Said mwaka 1883, ilibaki imesimama baada ya mizinga ya Waingereza ya tarehe 27 Agosti 1896. Mji Mkongwe uliorodheshwa mwaka 2000. Tarehe 25 Desemba 2020, ukarabati ukiendelea, sehemu kubwa ya jumba hilo iliporomoka na watu wawili wakafariki.

Nyumba za Mji Mkongwe ni za mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Adui yao mkubwa ni maji: paa linalovuja, mfereji ulioziba, na saruji inayofungia unyevu ndani ya ukuta uliozoea chokaa. Zamani nyingi zilikuwa za wakfu, na kodi zake zilisaidia kuzitengeneza. Baada ya mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi zilitaifishwa, na utaratibu wa matunzo ya kila mwaka ukalegea. Kwa hivyo tusiulize tu nani atajenga upya, bali pia nani atazibua mfereji mwakani.

Sisi tulio Maskati, Dubai au London tunayo sehemu yetu. Majumbani mwetu zimo hati za wakfu, mikataba ya kuuziana nyumba, na picha zinazoonyesha baraza, milango na roshani zilivyokuwa. Fundi anayerejesha nyumba huzihitaji, na mwanahistoria pia. Tunawaomba wasomaji wetu wazinakili, waandike majina na miaka nyuma ya picha, na wawaulize wazee walio hai. Karatasi hizo nazo huliwa na mchwa, wala hazimo katika orodha yoyote.