Pointi nane: Taifa Stars na ugonjwa wa "kidogo tu"

 

Leo naweka pembeni habari za hosteli. Kuna ubishi umenichosha. Kila tukikaa kuongea mpira lazima mtu aseme, "Ah, Stars ina gundu tu, siku zote inakosa kidogo." Mjadala unaishia hapo, kama vile gundu ni jibu. Mimi nasomea ualimu, somo langu la kufundishia ni historia, na jambo likijirudia mara nyingi hivyo naona bora kutafuta sababu kabla ya kusingizia bahati. Basi nimekaa na misimamo ya makundi ya miaka yote hiyo, kalamu mkononi, na kuna namba moja imenifuata kila mahali. Namba nane. Twende taratibu.

Tuanze na wazee. Agosti 1979 Stars ilicheza na Zambia kutafuta nafasi ya fainali za Mataifa ya Afrika za 1980. Dar tulishinda 1-0, tukaenda Ndola tukatoka 1-1, goli la Peter Tino. Hilo goli wazee wa kwetu Bweri mpaka leo wanalisimulia kama lilifungwa jana pale uwanja wa Karume, Musoma! Na wana haki. Fainali zile zilikuwa za timu nane tu Afrika nzima, na nafasi mbili tayari zilikuwa na wenyewe: Nigeria mwenyeji na Ghana bingwa mtetezi. Zilibaki sita za kugombaniwa na bara zima. Kule Nigeria tulifungwa 3-1 na wenyeji, 2-1 na Misri, tukatoka 1-1 na Ivory Coast. Tukarudi nyumbani tukijua tutarudi tena karibuni.

Hatukurudi kwa miaka 39. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule alikuwa mtu mzima na familia yake ndipo akaiona tena bendera yetu kwenye AFCON. Fikiria wachezaji wote waliozaliwa, wakacheza, wakastaafu katikati hapo.

Ila msidhani miaka yote hiyo tulikuwa tunapigwa tu. Mwaka 2006 alikuja Mbrazili Marcio Maximo, na nchi ikaanza kuvaa jezi ya taifa bila aibu. Tulipangwa na Senegal, Burkina Faso na Msumbiji kutafuta nafasi ya AFCON 2008. Tukaifunga Burkina Faso 2-1 Dar, tukatoka suluhu Maputo. Senegal wakatupa nne kwao, lakini Juni 2007 walipokuja CCM Kirumba, Mwanza, ikawa 1-1. Wiki mbili baadaye Erasto Nyoni akafunga Ouagadougou, tukashinda ugenini 1-0. Tukawa na pointi nane, imebaki mechi moja, nyumbani, na Msumbiji, kwenye Uwanja mpya wa Taifa (huu unaoitwa Benjamin Mkapa sasa). Tukishinda tunafika 11.

Tarehe 8 Septemba 2007 tukafungwa 1-0. Senegal ikamaliza na 11, Msumbiji 9, sisi tukabaki na nane zetu.

Hapo ndipo watu walipoanza kusema gundu. Na kwa kweli matukio yaliyofuata yaliwapa maneno. Mwaka 2009 tulicheza michuano ya CHAN, ile ya wachezaji wanaocheza ligi za nyumbani, kule Ivory Coast. Tukafungwa na Senegal 1-0, tukawafunga wenyeji 1-0 kwa goli la Mrisho Ngassa. Mechi ya mwisho na Zambia tunaongoza 1-0, nusu fainali inaonekana kabisa, dakika za majeruhi Zambia wanasawazisha. Senegal na Zambia pointi tano tano, sisi nne. Nyumbani.

Halafu Msumbiji tena. Mwaka 2012 tulitoka 1-1 Dar, 1-1 Maputo, tukaenda kwenye matuta, tukafungwa 7-6. Mwaka 2014 tukakutana nao tena: 2-2 Dar, 2-1 kwao. Jumla 4-3. Kwenye safari ya AFCON 2017 tuliifunga Chad kwao 1-0, goli la Mbwana Samatta, halafu Chad ikajitoa na matokeo yake yote yakafutwa. Yaani hata tulichoshinda kikafutwa ubaoni!

Sasa angalia vizuri hizo hadithi, wala usiangalie kwa machozi. Mechi ya Msumbiji 2007 ilikuwa nyumbani. Mwaka 2012 mechi ya kwanza ilikuwa nyumbani, sare. Mwaka 2014 mechi ya kwanza nyumbani, sare, magoli mawili tumeruhusu. Timu ile ile, mara tatu, na mara zote tatu walipata walichotaka Dar es Salaam. Gundu gani hilo lenye anwani? Tulikuwa tunaacha mtihani mwepesi tukitegemea kufaulu ule mgumu.

Tuje 2019. Kundi letu lilikuwa na Uganda, Cape Verde na Lesotho. Tulianza kwa sare ya 1-1 nyumbani na Lesotho (mnaona?), na Novemba 2018 tukafungwa 1-0 kwao Maseru. Siku ya mwisho, 24 Machi 2019, ilibidi tupate matokeo mazuri kuliko ya Lesotho. Sisi na Uganda Dar, wao Cape Verde. Nilikuwa sekondari wakati huo. Kibanda umiza cha jirani na stendi ya Bweri kilijaa mpaka watu wanachungulia dirishani, na kila dakika mtu anauliza, "Lesotho huko vipi?" Msuva akafunga. Erasto Nyoni, yule yule wa Ouagadougou, akafunga penalti. Aggrey Morris akaweka la tatu. Lesotho wakatoka suluhu. Tumefuzu! Madereva wa bodaboda walipiga honi mpaka usiku.

Sasa angalia msimamo wa kundi lile. Uganda 13, Lesotho 6, Tanzania... nane.

Nane zile zile za 2007! Zile zilizotuletea kilio ndizo zilizotuletea honi. Mtu atasema sababu ni kwamba fainali za 2008 zilikuwa za timu 16 na za 2019 zikawa za timu 24, wawili wanapita kila kundi. Ni kweli kiti kimeongezeka, kama kozi inavyoongeza udahili na cut-off ikashuka. Lakini jibu halijakamilika. Hata 2007 wangepita wawili, sisi tulikuwa wa tatu. Kilichotushusha mpaka wa tatu ni ile mechi ya mwisho nyumbani. Ingeisha suluhu tu, sisi tungekuwa na tisa, Msumbiji saba. Tofauti ya nane ya kilio na nane ya furaha ni kwamba ya kwanza tulikuwa nayo kabla ya mechi ya mwisho tukashindwa kuongeza, ya pili tuliifikia ndani ya mechi ya mwisho.

Mnabisha? Endeleeni kuhesabu. Safari ya AFCON 2021: Machi 2021 tulikwenda Malabo kucheza na Equatorial Guinea, tukafungwa goli moja mwishoni mwishoni kabisa. Tukamaliza na saba, wao tisa. Tungelinda sare ile tungekuwa na... nane, na wao saba. Tungefuzu. Safari ya AFCON 2023: Septemba 2023 tulihitaji sare Algeria, tukaenda Annaba tukaipata, 0-0. Tanzania nane, Uganda saba. Kiti chetu. Safari ya AFCON 2025: tarehe 19 Novemba 2024 tunacheza na Guinea nyumbani. Sare ingetuacha na nane, na safari hii nane isingetosha. Msuva akafunga, 1-0, tukawa na 10 na Guinea 9. Kule Morocco tukavuka hatua ya makundi kwa mara ya kwanza katika historia, kisha wenyeji wakatutoa 1-0.

Mimi hapo naona watu waliojifunza somo moja: mechi ya mwisho haichezwi kwa matumaini. Annaba tulilinda kile ambacho Malabo tulikiachia. Dhidi ya Guinea tulifanya nyumbani kile tulichoshindwa dhidi ya Msumbiji. Kazi bado ipo, kwa sababu kwenye fainali za Ivory Coast, Januari 2024, tuliongoza tena 1-0 dhidi ya Zambia, wao wakiwa pungufu, na dakika ya 88 wakasawazisha. Mliokuwa mmeona ya 2009 mlijua ile filamu.

Na sisi wa Mara tusicheke Stars peke yake. Biashara United yetu mwaka 2021 iliingia Kombe la Shirikisho Afrika, ikaitoa Dikhil ya Djibouti, ikaifunga Al Ahli Tripoli 2-0 katika mechi ya kwanza. Mechi ya marudiano timu haikufika Libya, safari ilikwama, tukaondolewa. Mwaka 2022 tukashuka daraja, na 2024 tukacheza mechi za mtoano kutafuta kurudi, Tabora United wakabaki juu, sisi chini. Magoli mawili mkononi yakapotea bila mpira kupigwa! Hapo nani wa kulaumiwa, miungu ya ziwa? Hapana, ni maandalizi, na maandalizi hufanywa na binadamu ofisini.

Kwa nini najisumbua na haya yote? Kwa sababu muda si mrefu nitasimama mbele ya darasa, na pale mbele atakaa mtoto aliyepata 29 wakati kufaulu ni 30. Atasema, "Mwalimu, nina bahati mbaya." Nikimkubalia nimemuua. Nataka nimfungulie karatasi, nimwonyeshe lile swali jepesi la kwanza aliloliruka, nimwambie moja yako ipo hapa. Neno "gundu" linampa mtu pa kulala. Msimamo wa kundi unamwonyesha mahali pa kufanyia kazi.

Kwa hiyo wana-hosteli, kuanzia leo anayesema Stars ina gundu aje na karatasi. Mimi nitakuja na namba nane yangu. Anayebisha chumba changu anakijua, ila aje na sukari, chai ipo.