Plagini Zilivyoifikisha M-Pesa Kwenye Kurasa za Maduka ya Busia

Safaricom ilipoanzisha M-Pesa Machi 2007, haikuchukua muda vibanda vya mawakala kujaa barabarani kutoka Bumala, katika nchi ya Wamarachi, hadi lango la mpaka wa Kenya na Uganda mjini Busia. Simu ikawa pochi. Lakini kwa mfanyabiashara aliyethubutu kuwa na tovuti, pochi hiyo na ukurasa wa duka lake havikujuana kabisa. Mteja wa Eldoret akipenda kitenge alichokiona kwenye skrini, alituma pesa kwa simu, akasubiri ujumbe wa kuthibitisha, kisha akanakili namba ya muamala kwenye fomu ya tovuti. Mwenye duka naye alishika simu yake na kulinganisha. Herufi moja ikikosewa, mzigo haukuondoka.

Pengo hilo limezibwa na vijiprogramu vidogo vinavyoitwa programu jalizi, au plagini kwa vijana wanaozitengeneza. Asili yake ni mbali na Busia.

Mei 2003, Mmarekani Matt Mullenweg na Mwingereza Mike Little walitoa WordPress, programu ya kujengea tovuti waliyoiunda juu ya b2, programu ya Mfaransa Michel Valdrighi iliyokuwa imeachwa bila mtunzaji. Wakati huo, aliyetaka kuongeza kitu kwenye tovuti yake alifungua mafaili ya programu yenyewe na kuandika humo humo. Toleo jipya likija, kazi yake yote ilifutika. Mwaka mmoja baadaye, Mei 2004, toleo la 1.2 likaleta mpango mwingine: WordPress inapojenga ukurasa, husimama kwenye sehemu maalumu na kuuliza kama kuna yeyote aliyejiandikisha kufanya jambo hapo. Plagini iliyojiandikisha hufanya kazi yake, kisha ujenzi huendelea. Ndivyo mafundi wa Busia walivyofunga kiti chenye sponji nyuma ya baiskeli ya bodaboda: fremu haikuguswa, na baiskeli ikabeba abiria.

Uamuzi huo ndio uliowapa watu wa pembezoni nafasi. Waandishi wa WordPress wasingeketi kuwaza jinsi mteja wa Malaba, mji mwingine wa mpakani, anavyolipa. Ilitosha kwamba hawakufunga mlango.

Miongoni mwa wa kwanza kuutumia mlango huo kwa nguvu kutoka Afrika walikuwa WooThemes wa Cape Town, walipotoa WooCommerce Septemba 2011. Ilikuwa plagini ya WordPress inayogeuza tovuti kuwa duka, na yenyewe ikaacha nafasi za plagini nyingine kuingia, hasa za malipo. Mwaka 2015 Automattic, kampuni ya Mullenweg, iliinunua. Mwaka uliofuata, 2016, Elementor ilitoka Israeli: kijenzi cha kurasa kinachomwezesha mtu asiyejua msimbo kuburuta picha, kitufe au fomu na kuiweka anapotaka. Nacho kilikubali nyongeza. Anayetaka kukipa kipande kipya huandika faili lenye kazi chache tu: jina la kipande, kichwa chake, vidhibiti atakavyoviona mjenzi wa ukurasa, na namna kipande kitakavyoonekana kwa mgeni. Elementor hukionyesha kwenye orodha yake pamoja na vipande vyake yenyewe.

Kenya haikukaa kutazama. Pesapal, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 2009, ilijiweka katikati ya mitandao ya simu na tovuti, ikatoa plagini za maduka. Mageuzi makubwa yalikuja 2017, Safaricom ilipofungua Daraja, njia ambayo mwandishi yeyote wa programu angeweza kuitumia kuzungumza na M-Pesa moja kwa moja. Wakenya waliowahi kujaribu wanaikumbuka namba ya biashara ya majaribio, 174379, kama wanavyoikumbuka namba ya simu ya nyumbani. Plagini za M-Pesa za WooCommerce zikaanza kumiminika, nyingi zikitolewa bure.

Kinachofanyika ndani ya plagini ya namna hii kinastahili kutazamwa kwa karibu. Mteja anaandika namba yake kwa mazoea, 07 na kuendelea. Plagini inaondoa sifuri na kuweka 254, msimbo wa simu wa Kenya, kwa kuwa Daraja haitambui namba kwa sura nyingine. Inatuma ombi, ombi la PIN linaibuka kwenye simu ya mteja, hata kama ni simu ya vitufe. Akilipa, seva ya duka inapokea jibu lenye alama 0. Akighairi, inapokea 1032. Simu isipopatikana, 1037. Plagini iliyoandikwa vizuri humweleza mteja kilichotokea kwa lugha ya watu; iliyoandikwa ovyo humwacha akitazama duara linalozunguka, asijue kama pesa yake imeenda.

Hiyo 254 ndiyo inayoleta shida mpakani. Baadhi ya wateja wa duka la Busia huenda wako ng'ambo ya lango, wana namba za 256 za Uganda na pesa zao ziko kwenye MTN Mobile Money, iliyoanza Uganda mwaka 2009, au Airtel Money. Plagini ya Daraja haiwafai kitu. Mwenye duka hulazimika kuongeza plagini ya pili au kupitia wakala wa malipo anayefanya kazi nchi zote mbili, na kulipia ada zake.

Forodha ilipitia taabu hiyo hiyo mapema zaidi. Kenya ilitumia mfumo wa Simba na Uganda ASYCUDA, na taarifa za mzigo mmoja ziliandikwa upya lori likifika Malaba, mpaka ilipokuja RADDEx, programu ya kupitisha taarifa kati ya mamlaka za mapato. Februari 2018 Marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni walizindua kituo cha pamoja cha mpaka Busia, ambako maofisa wa nchi mbili huhudumia msafiri chini ya paa moja. Duka la mtandaoni la mjini humo linastahili urahisi huo huo.

Hatari nayo ipo. Mei 2023 iligundulika kwamba Essential Addons, nyongeza ya Elementor kutoka Bangladesh iliyokuwa kwenye tovuti zaidi ya milioni moja, ilimruhusu mgeni kubadili nenosiri la msimamizi bila kuthibitishwa. Toleo la 5.7.2 lilirekebisha kosa hilo. Aliyesasisha alipona. Lakini tovuti nyingi za wafanyabiashara wadogo hujengwa na kijana mmoja, akalipwa, akaondoka. Hakuna anayebaki kubofya kitufe cha kusasisha.

Miezi michache baadaye, Novemba 2023, WooCommerce 8.3 ilibadilisha ukurasa wa malipo kwa maduka mapya na kuujenga kwa vipande vya kisasa. Plagini za malipo ambazo hazikuandikwa upya hazikuonekana humo. Mwenye duka aliisakinisha ya M-Pesa, akaiwasha, akaweka funguo zote za Daraja, na bado mteja hakuona pa kulipia. Dawa ilikuwa kurudisha ukurasa wa zamani kwa mkono, au kumtafuta mwandishi wa plagini hiyo na kumwomba aongeze kipande kilichokosekana.