Darasa na Kujisomea Hadithi katika Dar es Salaam

Katika mwaka 1923 Idara ya Elimu ya Tanganyika ilianza kutoa gazeti la Mambo Leo mjini Dar es Salaam. Nakala moja ilitosha wengi: mmoja alisoma kwa sauti, wengine walisikiliza. Mwaka 1929 ikatoka Mashimo ya Mfalme Sulemani, tafsiri ya Frederick Johnson, nayo riwaya ikaingia darasani. Lakini kitabu kilichochaguliwa na wakubwa, na kuulizwa katika mtihani, aghalabu hufungwa siku ya mtihani kwisha.

Mwezi wa Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea, akitaka akili yenye kuuliza. Tarehe 9 Desemba mwaka huo huo alifungua Maktaba Kuu ya Taifa, mwendo wa miguu kutoka Kariakoo. Nyumba ya vitabu ikapatikana. Ikabaki kazi ya mwalimu kumvusha mtoto Mnazi Mmoja.

Kazi hiyo huanzia darasani. Mwalimu na asome mlango wa kwanza kwa sauti, anyamaze pale hamu inapopanda, kisha akiache kitabu mezani. Anayekichukua, akirudi, asitahiniwe. Awasimulie wenzake, ila mwisho aufiche.

Huko Kariakoo mnunuzi huligeuza embe kabla ya kulilipia. Mwanafunzi naye hana budi kuruhusiwa kukifunua kitabu, kukionja, na kukirudisha kisipompendeza. Asiyepata kuchagua hajajitegemea bado katika kusoma.