Flashi ya studio inapokataa kuwaka: historia fupi ya waya mbili

Jumamosi iliyopita nilipigiwa simu na jamaa mwenye studio ya picha hapa Kithimani, karibu na barabara ya Thika–Garissa. Kamera mpya, flashi ya zamani, maharusi wameshakaa. Kila akibofya, picha nyeusi. Alikuwa tayari kupanda matatu kwenda Nairobi kununua flashi nyingine. Mimi ni mtu wa programu, sio fundi wa kamera, lakini nilimwambia asubiri.

Turudi nyuma kidogo. Mnamo 1931 Harold Edgerton wa MIT, Marekani, alitengeneza taa ya kumweka kwa umeme. Mwanga wa flashi za namna hii hudumu muda mfupi mno, kwa hivyo lazima uwake shata ikiwa wazi kabisa. Dawa yake ni rahisi: shata yenyewe iwe swichi. Ikifunguka, inagusanisha waya mbili, basi. Kamera haitumi umeme. Umeme uko kwenye flashi. Tundu la waya hiyo linaitwa PC. Sio kompyuta! Ni Prontor na Compur, shata mbili za Kijerumani.

Sisi wanaprogramu tungeyaita haya makubaliano, na yanapoguswa ndipo shida huanza. Shata za zamani zilikuwa na M ya balbu za kuungua mara moja na X ya flashi ya umeme. Ukiacha kwenye M, flashi inawaka mapema na picha inatoka nyeusi. Mwaka 1988 Minolta ilileta kishikio cha flashi cha umbo lake, Sony ikakirithi 2006 na kukiacha 2012. Mwaka 2019 Canon ilitoa EOS 250D isiyo na kidoti cha chuma katikati ya kishikio, kile ambacho triga za kawaida hukitegemea.

Sasa studio. Tulibonyeza kitufe cha kujaribia kwenye flashi: ikawaka. Tukabadilisha waya: bado. Basi shida iko kwenye kamera. Kwenye menyu nikakuta shata ya kimya imewashwa. Kwa kamera nyingi, ukiiwasha hiyo, shata ya chuma haifanyi kazi na flashi haipewi amri. Tukaizima. Paa! Studio nzima ikang'aa.

Kwa hivyo kabla ya kutoa pesa, jiulize: swichi imefungwa? Na flashi yako ikiwa ya zamani sana, pima volti kwanza. Nyingine hupitisha zaidi ya 200 kwenye waya huo, na zinaweza kuua kamera ya kisasa.

Tuonane tena.