Canal 13: Televisheni ya Chuo Kikuu na Hadithi za Wachile

Canal 13 ni kituo cha televisheni cha nchi ya Chile, kilichoanzishwa na Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Chile. Matangazo yake ya kwanza yalirushwa mwaka 1959.

Mwaka 1981 kituo kilionyesha La madrastra, yaani "Mama wa Kambo", tamthilia ya Mchile Arturo Moya Grau. Mama aliyefungwa miaka 20 kwa mauaji asiyoyafanya anarudi nyumbani, na watoto wake wanamdhania mama wa kambo. Nchi nzima iliuliza: nani alimuua Patricia? Wachile walifuata hadithi iliyoandikwa na mwenzao, kwa usemi wao wenyewe.

Lakini wakati ule Pinochet alitawala, na mkuu wa chuo alikuwa afisa wa jeshi la majini. Machozi ya mama wa tamthilia yalionekana kila nyumba. Ya akina mama waliotafuta watoto wao waliokamatwa na kupotezwa hayakupewa nafasi kama hiyo.

Mwaka 2010 chuo kiliuza sehemu kubwa ya kituo kwa kundi la biashara la Luksic.

Wapendwa, ni vema taifa lisimulie hadithi yake. Ila kanisa likishika kipaza sauti, tuulize pia: kilio cha nani hakisikiki?