Mamba Muntu na Anahita, Wanawake wa Maji

Mvuvi wa Kinkondja asukumaye mtumbwi wake katikati ya mafunjo ya ziwa Kisale huwaza samaki kwanza. Hata hivyo jina la Mamba Muntu analijua, kama wote wa Katanga walijuavyo. Ndiye mwanamke wa maji. Miaka ya 1960 na 1970 picha yake ilitundikwa katika nyumba nyingi za Lubumbashi, Likasi na Kolwezi: ngozi nyeupe, nywele ndefu, saa mkononi. Jina lamtaja mamba, lakini wachoraji walimpa mkia wa samaki! Mwaka 1976 Ilona Szombati-Fabian na Johannes Fabian waliandika juu ya picha hizo.

Yasemekana mtu akiokota unywele wake au kitana chake, yeye humjia katika ndoto kukidai, na kumwahidi mali. Sharti ni siri. Tena wengi husema kwamba bei yake ni roho ya mtu wa jamaa.

Waajemi wa kale nao walikuwa na mwanamke wao wa maji, jina lake Anahita. Mfalme Artaxerxes wa Pili, aliyetawala mwaka 404 hadi 359 kabla ya Kristo, aliandika jina lake katika mawe ya Susa, akamsimamishia sanamu katika miji mingi. (Jina la mfalme huyu ndilo tusomalo Artashasta katika kitabu cha Ezra.) Waajemi walisadiki kwamba Anahita hutakasa matumbo ya wanawake, huwafanya wajifungue salama, huwapa maziwa. Mashujaa walimtolea farasi mia, ng'ombe elfu na kondoo elfu kumi. Hata joka Azhi Dahaka, mwenye vinywa vitatu, alimtolea sadaka hiyo hiyo, akiomba apewe nguvu ya kuifuta dunia isibaki na watu. Anahita akamnyima.

Basi yule wa Waajemi alikataa kuwatoa watu, na huyu wetu, wasema, huwadai. Kwa nini? Mimi naona sababu ni namna ya mali yenyewe. Waajemi wale walihesabu mifugo, mashamba na watoto. Huku kwetu kampuni ya Union Minière ilianzishwa mwaka 1906, reli ikafika Bukama mwaka 1918, na vijana wakaenda kutafuta mshahara mbali na wazee wao. Fedha ya mtu mmoja, ambayo ukoo haukuona ilikotoka, ilitiliwa shaka.

Na shaka hiyo haijaisha. Mchuuzi mmoja wa samaki alinunua injini ya mtumbwi. Mwezi uliofuata mtoto wake akafa kwa malaria. Nilikuwa nikiongoza sala za maziko. Kaburi halijafunikwa bado, watu nyuma yangu walikwisha kunong'ona jina la Mamba Muntu, na mama wa mtoto akasikia.