Octavio Dotel na klabu 13: mrushaji aliyehama kwa sababu alihitajika

Octavio Dotel alipofariki Aprili 8, 2025, baada ya paa la ukumbi wa starehe wa Jet Set kuporomoka jijini Santo Domingo na kuua watu zaidi ya 230, taarifa nyingi za msiba wake zilirudia namba moja: 13. Hizo ndizo klabu alizochezea katika ligi kuu ya besiboli ya Marekani kati ya mwaka 1999 na 2013. Alipoingia uwanjani na jezi ya Detroit Tigers Aprili 2012, aliipita rekodi ya klabu 12 waliyokuwa nayo Mike Morgan, Ron Villone na Matt Stairs. Ni rekodi ambayo watu hawajui waipigie makofi au waionee huruma, maana mchezaji wa kuhamahama huchukuliwa kuwa mtu aliyejaribiwa kila mahali na kushindwa kila mahali. Kwa Dotel hukumu hiyo si ya haki. Ukifuatilia uhamisho wake mmoja baada ya mwingine, unakuta mtu aliyekuwa akitafutwa, na unakuta pia kazi ambayo kwa asili yake haimwachi mwenye nayo akae mahali pamoja.

Kazi yenyewe inahitaji maelezo kidogo. Besiboli huchezwa kwa zamu 9, na timu hubaki na fimbo mpaka wapigaji wake 3 watolewe. Zamani mrushaji aliyeuanza mchezo alitarajiwa kuumaliza. Siku hizi ni nadra. Mkono wake ukianza kuchoka, kocha hupiga simu kwenye eneo la kupashia misuli na mrushaji wa akiba huitwa. Huyo huingia mambo yakiwa yamekwisha kuharibika, au yakiwa karibu kuharibika: tofauti ni alama moja, wapinzani wawili wameshafika vituoni, na uwanja mzima umesimama. Akifanikiwa, amefanya kazi ya robo saa na kesho yake hakuna anayemtaja. Akikosea mpira mmoja, mchezo wa saa 3 umepotea mikononi mwake. Hata kipimo cha kuhesabu ushindi ambao mrushaji wa mwisho ameulinda hakikutambuliwa rasmi mpaka mwaka 1969. Dotel alifanya kazi hiyo katika sehemu kubwa ya michezo yake 758. Aliyoianza yeye mwenyewe ni 34 tu. Katika zamu 951 aliwatoa wapigaji 1,143 kwa straiki tatu (mpigaji akishindwa mara tatu kupiga mpira unaopigika), yaani karibu 11 kwa kila zamu 9, na wengi wa warushaji maarufu wa kuanza hawakufikia wastani huo.

Mfano bora wa uwezo wake ni usiku wa Juni 11, 2003, Houston Astros walipokuwa wageni wa New York Yankees. Mrushaji wa kuanza wa Houston, Roy Oswalt, aliumia kinena katika zamu ya pili. Kwa kawaida hapo kocha hufikiria kupunguza hasara tu. Lakini waliingia Pete Munro, Kirk Saarloos, Brad Lidge, kisha Dotel, kisha Billy Wagner, na mchezo ukaisha 8–0 bila Yankees kupata pigo salama hata moja. Zamu ya nane ilikuwa ya Dotel, na humo aliwatoa kwa straiki wapigaji 4. Anayejua hesabu ya zamu atauliza vipi, kwani watatu ndio mwisho. Jibu ni kwamba Alfonso Soriano aliukosa mpira wa straiki ya tatu, mdakaji naye hakuunasa, na kanuni inamruhusu mpigaji wa namna hiyo kukimbilia kituo cha kwanza. Dotel akalazimika kumtafuta mwingine. Yaani hata mpira uliomponyoka ulikuwa hauguswi na fimbo.

Kabla ya usiku huo, mara ya mwisho Yankees kukwama hivyo ilikuwa Septemba 1958, mbele ya Hoyt Wilhelm wa Baltimore. Jina la Wilhelm lina uzito katika hoja hii. Yeye ndiye mrushaji wa akiba wa kwanza kuingizwa katika Jumba la Mashujaa la besiboli, mwaka 1985, na alichezea klabu 9 kati ya mwaka 1952 na 1972, akastaafu akikaribia miaka 50. Wapo wanaosema kuhamahama kwa wachezaji kumeletwa na fedha na mikataba ya kisasa. Wilhelm anawajibu. Enzi zake mchezaji alikuwa mali ya klabu mpaka klabu yenyewe iamue vinginevyo. Mchezaji Curt Flood alikataa kupelekwa Philadelphia baada ya msimu wa 1969, akaenda mahakamani, na mwaka 1972 Mahakama ya Juu ya Marekani ikamkatalia. Ni Desemba 1975 ndipo msuluhishi Peter Seitz alipoamua kwamba mkataba ukiisha, mchezaji yuko huru. Wilhelm alikuwa ameshastaafu, na ameshahama vya kutosha. Kwa hiyo chanzo ni kazi yenyewe. Uhuru ulichoongeza ni mlango wa pili wa kuondokea.

Kwa Dotel milango hiyo miwili ilitumika sawasawa. Ili kuchezea klabu 13 alihama mara 12. Mara 6 alibadilishwa na klabu bila kuulizwa: kutoka Mets kwenda Houston, Houston kwenda Oakland, Kansas City kwenda Atlanta, Pittsburgh kwenda Los Angeles, Los Angeles kwenda Colorado, na Toronto kwenda St. Louis. Mara 6 nyingine mkataba ulikuwa umeisha na akasaini kwingine akiwa mchezaji huru: Yankees, Kansas City, Chicago White Sox, Pittsburgh, Toronto na Detroit. Nusu ya safari waliipanga wengine, nusu aliipanga mwenyewe. Mtu anayefukuzwa kila mahali hana hesabu ya namna hiyo.

Atakayepinga atasema: kama alikuwa hodari hivyo, kwa nini aliuzwa? Tazama walichopata waliomtoa. Juni 2004 Dotel alikuwa sehemu ya mabadilishano ya klabu tatu yaliyoiletea Houston Carlos Beltrán, ambaye miezi michache baadaye alipiga homerani 8 katika michezo ya mtoano na kuifikia rekodi. Tazama pia tarehe. Julai 31 ilikuwa siku ya mwisho ya mabadilishano, sawa na kufungwa kwa dirisha la usajili, na Dotel aliondoka Kansas City siku hiyo mwaka 2007, akaondoka Pittsburgh siku hiyo hiyo mwaka 2010. Pittsburgh walipoteza michezo 105 mwaka huo. Timu ya namna hiyo ina ushindi mchache wa kulinda, hivyo mlinzi mzuri wa ushindi ana thamani kubwa zaidi kwa jirani anayewania ubingwa kuliko kwao. Waliomwachia walipewa vijana wawili, James McDonald na Andrew Lambo. Wala mgeni wa aina hii hahitaji mwezi wa kuzoea. Mrushaji wa akiba akishaelewana na mdakaji juu ya ishara za vidole, anaweza kuingia kazini jioni ileile. Ndiyo maana hata katika orodha ya waliohama zaidi, Morgan na Villone walikuwa warushaji. Stairs peke yake alikuwa mpigaji.

Pingamizi zito zaidi ni Mariano Rivera, mrushaji wa akiba wa Yankees. Misimu 19, klabu moja, na mwaka 2019 akaingia Jumba la Mashujaa kwa kura zote bila hata moja kumkataa. Je, si ushahidi kwamba mrushaji wa akiba aliye bora kweli hubaki? Rivera alikuwa bora kuliko Dotel, hilo halina ubishi. Lakini katika misimu yake yote 19, Yankees walikosa mtoano mara mbili tu. Hawakuwahi kufika Julai wakiwa na sababu ya kumuuza, na fedha za kumbakisha walikuwa nazo. Mizani ya haki zaidi ni Billy Wagner, mwenzake Dotel wa usiku ule wa 2003, aliyechaguliwa kuingia Jumba la Mashujaa Januari 2025. Yeye alipita klabu 5. Ubora unapunguza safari, hauzifuti.

Upande mmoja wa hadithi hii, hata hivyo, unauma, na nisingependa fedha za mikataba ziufunike. Tangu mwaka 1973 mchezaji mwenye miaka 10 katika ligi, na 5 ya mwisho katika klabu moja, anaweza kukataa kubadilishwa. Dotel alipita miaka 10. Mitano mahali pamoja hakuipata kamwe. Houston, alikokaa muda mrefu kuliko kwingine kote, walimtoa katikati ya msimu wake wa tano. Kinga hiyo ilitungwa kwa ajili ya waliokwisha kutulia, na anayehamishwa zaidi ndiye isiyemfikia. Mwaka 2005 kano ya kiwiko chake ilifanyiwa upasuaji ambao daktari Frank Jobe aliuanzisha mwaka 1974 kwa kumtibu mrushaji Tommy John, wa kuchukua kano ya sehemu nyingine ya mwili na kuipandikiza kiwikoni. Tangu hapo hakuna klabu iliyomweka misimu mitatu. Kutafutwa na kutulizwa ni mambo mawili, na Dotel alipata la kwanza tu.

Manufaa ya kutafutwa huko yalionekana mwaka 2011. Julai 27 Toronto walimpeleka St. Louis pamoja na Edwin Jackson, Marc Rzepczynski na Corey Patterson, na upande wa pili akatoka Colby Rasmus, kijana aliyekuwa akitegemewa kwa miaka mingi ijayo. Mwishoni mwa Agosti St. Louis walikuwa nyuma ya nafasi ya kufuzu mtoano kwa michezo kumi na nusu. Walifuzu siku ya mwisho. Katika fainali ya Ligi ya Taifa, nusu ya ligi kuu waliyomo St. Louis, dhidi ya Milwaukee, warushaji wao wa akiba walirusha zamu nyingi kuliko wale wa kuanza, jambo lililokuwa geni wakati huo. Kisha wakaifunga Texas katika mchezo wa saba na kutwaa ubingwa, na Dotel, akielekea miaka 38, akapata pete yake ya kwanza. Jackson, aliyekuwa mali ya Toronto kwa saa chache tu siku ile ya Julai kabla ya kupelekwa mbele, alirudi huko Mei 2019 na safari hii akavaa jezi yao. Ilikuwa klabu yake ya 14, na rekodi ya Dotel ikawa yake.